Uma wa Baiskeli ya Baba

Chanji, Sumbawanga
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mjomba Felisian,

Shikamoo. Ni mimi Bertila, yule aliyekuwa anakuibia gololi kibandani kwako akacheze nazo. Tupo. Mguu wa baba unamsumbua asubuhi kwa upepo huu wa Oktoba, lakini anakula na anasali. Sharon wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kama bibi kizee aliyenyimwa ugoro. Kaburi la mama tumelijengea mwezi wa saba. Wewe je? Kile kifua kimepoa huko ziwani?

Barua hii anakuletea dada Jenifer, yule anayefuata dagaa huko kwenu. Namba yako ya simu imekufa tangu mwaka juzi, na Jenifer anasema kambini kwenu, mbele ya Wampembe, anayetaka mtandao anapanda kilima. Basi nimerudi kwenye karatasi kama mtoto wa bweni.

Neno lenyewe ni hili. Nimehamishwa shule. Ninayofundisha sasa iko kilometa nane na ushee kutoka nyumbani, barabara ya udongo, na bodaboda ya kila siku inanimaliza. Nimeamua kwenda kwa baiskeli. Usicheke. Najua mwalimu wa kike akipita mjini hapa na baiskeli watu wanasimama kumwangalia, na wenzangu wawili ofisini wameshaniita mwalimu wa posta. Siku mbili nimeona aibu, ya tatu nikachoka kuona aibu.

Sitaki kununua. Baiskeli ya baba bado ipo, ile nyeusi, imeangikwa stoo tangu alipoanguka nayo mwaka 2017 kwenye mteremko wa kuelekea mtoni. Haijaguswa. Baba hapendi hata kuiona, maana ndiyo iliyomtoa kwenye ukatekista. Au tuseme pombe ndiyo iliyomtoa. Humu ndani hatuzungumzi habari hiyo. Lakini chuma hakina kosa, na hakuna fundi aliyeijua baiskeli ile kuliko wewe. Niandikie nifanye nini mpaka iwe ya kwenda kazini kila siku, jua na mvua. Nitafuata neno kwa neno.

Baba anakusalimia. Kuhusu baiskeli sijamwambia. Anajua nakuandikia salamu tu.

Mpwa wako,
Bertila


Kambini, Wampembe
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Mwalimu Bertila,

Marahaba sana. Huku tupo. Dagaa wanapatikana giza la mwezi. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanakaa wanashona nyavu na kugombana. Mimi majini siingii, natengeneza taa zao na injini zao. Kifua kimepoa. Nimenenepa, ila sina mtu wa kunisifia. Nimempa Jenifer samaki, migebuka mikavu sita; ikifika mitano mshukuru, ni mwaminifu. Sharon mwambie meno yatarudi.

Umenifurahisha na hilo la baiskeli. Hao wanaokuita mwalimu wa posta watakuja kukuazima mwezi wa nne matope yakiwafikia magotini. Sasa sikiliza.

Kwanza kiti. Wanawake wengi wanakaa chini sana, magoti yanagonga kifua, halafu wanasema baiskeli inachosha. Pandisha kiti mpaka kisigino kikanyage pedeli iliyo chini kabisa na mguu uwe umenyooka. Ukiendesha kwa wayo wa mbele, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Hapo ndipo nguvu ilipo.

Tairi, nunua zenye kashata nene za kung'ata udongo, usikubali kipara hata cha bure. Upepo ujaze, lakini siku za matope punguza kidogo, zishike. Madigadi weka zote mbili, na ile ya nyuma ning'iniza kipande cha mpira wa gari mwishoni, la sivyo utaingia darasani na mstari wa tope mgongoni na watoto hawatasikia somo. Kifuniko cha cheni usikisahau kwa ajili ya sketi. Breki za mbele na za nyuma, mpira mpya, waya mpya. Kengele yenye sauti, maana ng'ombe wa pale barabarani hawaelewi Kiswahili. Nyuma kioo chekundu cha kung'aa. Taa usihangaike na dainamo, inalemea tairi na wewe una mlima. Funga tochi ya kuchaji kwenye usukani, ya kutumia asubuhi za ukungu. Keria iwe ya nondo, ifunge na mipira ya tyubu kuukuu, madaftari uyatie kwenye mfuko wa mbolea uliosafishwa. Na popote uendapo uwe na pampu, viraka, gundi na spana moja. Fundi wa barabarani ni wewe mwenyewe.

Ila mama, ile baiskeli ya shemeji iache hapo ilipo. Ni chuma kizee. Nenda sokoni utafute nyingine, hata kuukuu, ya kike, isiyo na lile bomba la juu. Utapanda na kushuka kwa heshima. Hayo niliyoandika yote utaifungia hiyo nyingine. Ya shemeji iache.

Msalimie shemeji.

Mjomba wako,
Felisian


Chanji, Sumbawanga
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Migebuka ilifika minne. Nimemshukuru Jenifer kwa macho tu. Mvua zimeanza, tumepanda mahindi kule nyuma na baba amesimamia kwa fimbo yake kama mnyapara. Sharon jino moja limechomoza.

Barua yako ilinikuta nimeshaishusha baiskeli. Usinikasirikie. Nilikuwa nimekwishaifuta vumbi na ilikuwa inang'aa. Rangi yake huko mbele ni kama mpya. Baba alipoiona uani alihamisha kigoda chake, akakaa ameipa mgongo. Hakusema usiipande. Alisema, "Uwe unaendesha mchana." Basi.

Nimefuata yote. Kiti kimepanda, nikaogopa siku mbili, ya tatu nikaelewa ulichosema. Madigadi, mpira wa nyuma, kifuniko cha cheni, tochi. Nilikosa kioo chekundu, nikashona kitambaa cha fulana ya bodaboda kwenye mfuko wa madaftari, na usiku wanasema kinawaka. Siku ya kwanza nilipofika shuleni darasa la tatu lilitoka lote likanipokea likiimba, na mwalimu mkuu alijifanya anatafuta kitu kwenye gari lake asicheke. Nilitamani ardhi inimeze. Sasa wamezoea. Asubuhi natumia dakika hamsini kwenda, kurudi arobaini kwa sababu ya upepo wa nyuma. Namshukuru mtu aliyetengeneza kengele.

Jambo moja tu. Usukani unacheza kidogo mkononi, hasa nikishuka ule mteremko. Ni kawaida? Nakuuliza kwa sababu Januari Sharon anaanza darasa la kwanza, na ataanzia shuleni kwangu. Nitambeba kwenye keria. Nitamwekea mto na vikanyagio pande zote, na wavu wa kuzuia mguu usiingie kwenye spoki. Anahesabu siku.

Mjomba, kuna kitu nimekiweka miaka mitatu, leo kimeshika kalamu chenyewe. Kwa nini hukuja kumzika mama? Dada yako wa tumbo moja. Tulichelewesha jeneza kwa saa mbili tukikungoja. Baba alikaa anaangalia barabara. Si lazima unijibu, lakini nimeuliza.

Mpwa wako,
Bertila


Kambini, Wampembe
Jumapili, 15 Desemba 2024

Bertila,

Marahaba. Tupo. Poleni na mvua, huku zimekuwa kali na lori la Jumatano halikupanda.

Usukani kucheza si kawaida. Badilisha uma wa mbele, ule unaoshika tairi. Usiukaze, usiutengeneze, ubadilishe. Fundi yeyote anaweza. Na usimpakie mtoto kabla hujabadilisha.

Swali lako nimelisoma.

Krismasi njema kwenu.

Mjomba,
Felisian


Chanji, Sumbawanga
Jumapili, 5 Januari 2025

Mjomba Felisian,

Shikamoo na heri ya mwaka. Barua yako ilifika tarehe mbili, imelowa mpaka wino umetembea. Krismasi tulikula kuku, baba alikwenda Misa ya asubuhi akakaa nyuma kabisa karibu na mlango kama kawaida yake, akarudi kabla ya watu kusalimiana.

Huo uma nimeupeleka kwa Edwin, kijana aliyerithi kibanda chako pale sokoni. Ameutazama, akaugonga na spana, akasema umenyooka na hauna kutu, tena rangi nzuri, uma wa namna hii siku hizi hawatengenezi. Akaikaza nati ya juu, mchezo ukaisha. Nikamwambia mjomba anataka ubadilishwe. Akaniuliza, "Kwa sababu gani?" Sababu hukuandika. Mwanafunzi akinipa jibu bila njia simpi alama, nawe sijui nikupe nini. Shule zinafunguliwa tarehe kumi na tatu. Kama kuna sababu, niandikie.

Halafu, kuna mtu alinipigia Jumatatu kwa namba nisiyoijua. Nilisema halo, halo, nikasikia upepo mwingi na mtu anavuta pumzi, halafu ikakatwa. Nikapiga, haipatikani. Kama ni wewe ulipanda kilima, bora ungesema hata shikamoo ya utani.

Sare ya Sharon tayari. Analala nayo kichwani.

Bertila


Kambini, Wampembe
Alhamisi, 9 Januari 2025

Bertila mwanangu,

Leo sina salamu. Kama Sharon ameshapanda baiskeli hiyo, mshushe, na usimpandishe tena.

Uma ulioko kwenye baiskeli hiyo si wake. Niliuweka mimi, na niliuweka ili baiskeli iangikwe, si ili iendeshwe. Shina lake ni jembamba kuliko nati ya fremu yenu. Nilizungushia kipande cha bati la kopo la maziwa ili nati ipate pa kushika. Edwin ameikaza juu ya bati. Bati likichoka, usukani utabaki mkononi mwako na tairi litakwenda njia yake. Sasa umepata sababu. Ngoja nikupe na zilizo nyuma yake, maana hiyo moja haisimami peke yake.

Jumamosi ile ya mwaka 2017 baba yako alipitia kibandani kwangu. Kesho yake alikuwa aende kuongoza ibada kigango cha mbali, padre hakuwepo. Uma wake wa mbele, ule wa zamani, ulikuwa na ufa pale juu unapogawanyika. Ukucha ulikuwa unaingia. Ulikuwa wa kutupa. Basi angalau ningeupeleka ukachomelewe, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilitakiwa kusema neno moja: shemeji, iache hapa, nenda kwa miguu. Sikusema. Niliona haya kumrudisha mume wa dada yangu kwa miguu mbele ya mafundi wenzangu, mimi niliyejisifu soko zima kwamba hakuna baiskeli inayonishinda. Nikaujaza ufa kwa puti, ile wanayozibia mabodi ya magari, nikapiga rangi nyeusi, nikaanika juani. Akauliza, "Imepona?" Nikamwambia, "Imepona, shemeji, hii itakuzika wewe." Tukacheka wote wawili.

Halafu nikamtolea pombe ya ulezi iliyokuwa ndani. Alikataa. Unamjua. Nikamwambia shemeji hatoki kwa shemeji yake koo likiwa kavu, na kwamba nitamshitaki kwa dada kuwa amenidharau. Akanywa kikombe kimoja, kwa heshima yangu mimi, na hakukimaliza. Kilichobaki kilimmwagikia kwenye shati wakati tunataniana. Hiyo ndiyo pombe yote, Bertila. Hakuna nyingine.

Haikupita saa nzima watu wakaja kuniita. Nilimkuta mteremkoni ameshalazwa kwenye kitenge. Uma ulikuwa umekatika pale pale penye puti. Watu wote walikuwa wamemzunguka yeye, hakuna aliyeangalia baiskeli. Mmoja akasema, "Ananuka pombe." Mwingine akasema, "Katekista!" Nilisikia. Nikaiokota baiskeli na vipande vyake, nikasema naipeleka nyumbani kwake, na watu wakanisifu kwa moyo. Nilipitia kibandani kwanza. Nikachomoa uma kwenye baiskeli moja ya skrepa, nikaufunga kwa lile bati, nikapaka rangi, nikaja kuiangika stoo kwenu. Uliokatika niliutumbukiza chooni.

Nikangoja azinduke aseme mwenyewe. Alipozinduka akawa hakumbuki kitu, kichwa kilikuwa kimegonga jiwe. Nilimshukuru Mungu. Nataka ujue hilo pia, kwamba mjomba wako alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa sababu baba yako hakumbuki. Dada akaniuliza, "Felisi, alipitia kwako?" Nikasema hakupitia. Jumuiya ya kanisa ilipokaa ikamsomea kwamba amekutwa amelewa barabarani, nilikuwa pale nje nimeegemea ukuta. Baba yako alisimama akasema, "Kama mmenikuta hivyo, basi ni kweli, nisameheni." Aliomba msamaha kwa dhambi yangu. Wiki ile ile nikaondoka kuja ziwani.

Kuhusu mazishi, nilifika mpaka Namanyere. Nilikaa stendi na shati la msibani, basi la Sumbawanga likajaa likaondoka, likaja jingine likaondoka. Dada alikufa anaamini mume wake ni mlevi. Ningeshikaje udongo?

Na ile simu ni mimi. Niliazima ya Isdori, mwenzangu wa kambini, nikapanda kilima. Niliposikia sauti yako nikaona ni sauti ya dada, nikakata. Leo nimepanda tena tangu saa mbili asubuhi mpaka simu imeisha chaji, mtandao hakuna, mvua zimeangusha mnara. Ndiyo maana naandika, na Isdori anaondoka na lori sasa hivi. Nisamehe kama unaweza. Mtoto mshushe kwanza.

Felisian


Chanji, Sumbawanga
Jumapili, 2 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, na Sharon ni mzima. Nimeanza na hilo ili usisome mengine ukitetemeka.

Lori la Isdori lilikwama njiani siku nyingi. Barua imefika Jumatano, tarehe ishirini na tisa. Kuanzia tarehe kumi na tatu mpaka siku hiyo nilikuwa nimembeba Sharon nyuma siku kumi na tatu za shule, kwenda na kurudi, akiniimbia mgongoni. Nilisoma mistari yako ya kwanza nimesimama getini. Sikumaliza. Niliiburuza baiskeli kwa mkono mpaka kwa Edwin nikamwambia fungua. Nati ilitoka kwa vidole, mjomba. Hakutumia spana. Bati lilikuwa limekatika mara mbili. Edwin aliliweka kiganjani, akauliza, "Nani aliyekufanyia hivi?" Na mimi, mwalimu wa watoto, ninayewachapa wakisema uongo, nikasema sijui. Niliona aibu kukutaja. Nimeelewa kidogo inavyoanza.

Lakini kwa ile simu sijakusamehe. Ulikuwa na sauti yangu sikioni. Maneno mawili tu, "usimpakie mtoto", ungeweza kuyasema na ukakata. Uliona afadhali tupande kuliko niisikie sauti yako. Nimekasirika, na bado nakuandikia shikamoo kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa.

Barua nimemsomea baba. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilisoma yote bila kuruka. Nilipomaliza aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, halafu akasema, "Kikombe kimoja?" Nikamwambia kimoja, na hakukimaliza. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Nilirudia mara nne. Halafu baba alilia, kwa sauti, mpaka Sharon akakimbilia kwa jirani. Miaka saba na zaidi ameungama ulevi ambao hakulewa. Kila Kwaresima mama alikuwa anamuuliza kama ameungama vizuri. Anakaa nyuma kanisani, kwenye jumuiya anakaa nyuma, akiombwa asome somo anasema macho hayaoni. Macho yake yanaona punje mbovu ndani ya ungo.

Na mimi nikuambie langu, ili usidhani naandika kutoka juu. Nilikuwa chuo cha ualimu wakati ule. Wenzangu walipouliza baba yangu ameumiaje, nilisema aligongwa na gari. Nilimwonea haya. Alipokuja kunitembelea na fimbo yake nilimpokea nje ya geti ili wasinuse shati lake. Halikuwa na harufu yoyote. Sijui nitamwambiaje hilo.

Nilimuuliza baba kama niipeleke barua yako jumuiya ikasomwe. Alikataa. Amesema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Asiniandikie. Walionisema walinisema kwa midomo yao, nikiwa nimesimama mbele yao. Aje aseme na yeye kwa mdomo wake. Asipokuja, nitakaa pale pale nyuma mpaka nife, na hiyo barua itieni motoni." Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningekuwa na nafuu.

Jumuiya itakutana hapa nyumbani kwetu Jumamosi ya tarehe moja Machi, saa kumi jioni, kabla Kwaresima haijaanza. Edwin ameweka uma mpya, nimeujaribu peke yangu wiki hii na unatulia. Sharon nimemtafutia bodaboda mpaka moyo wangu utakaporudi mahali pake. Sikuombi uje. Nakuambia siku tu.

Bertila


Kibandani kwa Edwin, Sokoni, Sumbawanga
Jumamosi, 1 Machi 2025, saa saba mchana

Bertila mwanangu,

Barua hii haina safari ndefu. Edwin atakuletea sasa hivi, halafu atarudi kwenye kazi zake. Mwambie asante, na mwambie wewe mwenyewe kwamba bati lile lilikuwa langu. Mimi nimeshamwambia, lakini hajui kama aniamini. Amenipa kigoda na maji ya kunywa na hanitazami.

Nimefika jana na lori la dagaa. Asubuhi nilitoka kuja kwenu mara mbili. Mara ya kwanza niliishia kwenye mashine ya kusaga. Mara ya pili niliona mabenchi mmeshayatoa uani, nikamwona shemeji anayafuta kwa kitambaa, anachechemea kutoka benchi hadi benchi. Hakuniona. Nilirudi huku nikikimbia, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa. Kaburini kwa dada sijapita. Sina cha kumwambia mpaka hili liishe.

Nitakuja. Usije kunichukua wala usimtume mtu. Nikifuatwa itakuwa nimeletwa, na shemeji alisema nije. Mkianza na nyimbo, imbeni. Mwenyekiti akiuliza kama kuna neno, ngojeni kidogo kabla ya kufunga, mimi miguu yangu leo ni mizito.

Nakuomba kitu kimoja tu, na sikuombi kwa ajili yangu. Mkalishe shemeji mbele kabla sijafika. Nikiingia nikamkuta amekaa nyuma, sauti itaniishia mlangoni.

Felisian, fundi baiskeli